UZI: Nilikuwa "mrithi" wa mpishi mgeni kwa miaka miwili, na sikuwahi kuambiwa

Mpishi wa Kaskazini (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo hili nimekaa nalo moyoni tangu 2019, na wiki hii limeamka upya baada ya kijana mmoja jikoni kwetu kuniuliza: "Kaka, hivi mgeni akiondoka nafasi yake huwa inakwenda wapi?"

Nianze na mimi mwenyewe. Mzaliwa wa Tanga, niliingia hotelini Dar es Salaam 2014 kama stuwadi, yaani muosha vyombo na sufuria. Baada ya mwaka nikahamishiwa jikoni baridi, kisha kifungua kinywa. Mwaka 2017 hoteli ikaleta mpishi mkuu kutoka nje. Hakuwa mtu mbaya, salamu alikuwa anaitikia na matusi hakuwa nayo. Ila ofisi yake ndogo pale kando ya stoo ya baridi ilikuwa inafungwa kwa ufunguo, na kompyuta ina nywila. Ndani ya kompyuta ile ndiko kulikuwa na kila kitu: bei za wauzaji, gharama ya kila sahani, hesabu ya mwezi. Sisi tulikuwa tunaona menyu ikishachapishwa.

2019 nikaenda ofisi ya utumishi kujaza fomu ya likizo. Dada wa pale alikuwa na haraka, akaniomba nimsaidie kutoa nakala ya bahasha moja ya karatasi. Nikiwa mbele ya mashine, jicho likaangukia jina langu. Kichwa cha karatasi: mpango wa urithishaji. Nafasi: mpishi mkuu. Mrithi: mimi, na namba yangu ya kazi. Chini yake jedwali la mafunzo niliyopewa. Udhibiti wa gharama za chakula, amekamilisha. Upangaji wa menyu, amekamilisha. Ununuzi na uhusiano na wauzaji, amekamilisha. Na mahali pa saini yangu palikuwa na saini. Haikuwa yangu.

Ndugu zangu, miaka miwili ile nilikuwa meza ya mayai. Saa kumi na moja alfajiri niko pale, wageni wanapanga foleni na sahani, mimi nakaanga. Nikimaliza nakata vitunguu vya mchana. Hilo ndilo lililoitwa udhibiti wa gharama.

Nilirudisha karatasi, nikasaini likizo yangu, nikaondoka. Sikusema neno. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne.

Kwa wasiojua, karatasi ile haikutoka hewani. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, ile ya Bara, inamtaka mwajiri kwanza amwonyeshe Kamishna wa Kazi kwamba amehangaika kumtafuta Mtanzania mwenye ujuzi ule na hakumpata. Akishakubaliwa mgeni, mwajiri anatakiwa awe na mpango wa kumrithisha mzawa ule ujuzi. Kibali kinatolewa kwa miezi 24, kisha kinahuishwa. Kwa maandishi ni sheria nzuri sana. Mgeni anakuja na kitu, anakiacha, anaondoka. Tatizo ni kwamba wakati wa kuhuisha, kinachokaguliwa ni karatasi. Yule mtu aliyeandikwa kwenye karatasi haitwi.

Sasa niseme upande wa pili, nisije nikaonekana nina chuki na wageni. Mwishoni mwa 2019 nikavuka maji, nikapata kazi Unguja ya Kaskazini, huku Kiwengwa. Jikoni kwetu alikuwepo mpishi kutoka Afrika Kusini. Wiki ya pili akanivuta pembeni Jumamosi mchana, akaniwekea pweza mbichi juu ya mzani. Kilo moja. Akasema andika bei. Nikaandika 12,000. Tukamchemsha, tukamchuja, tukamrudisha kwenye mzani. Gramu 500 na kidogo. Akauliza: sasa kilo ya pweza ni bei gani? Nikasema 12,000. Akatikisa kichwa. Akarudia swali, akisubiri.

Nilisimama pale nikitazama ule mzani kama dakika nzima. Kisha ikanijia. Kilo ya pweza aliyeiva ni 24,000, kwa sababu nusu yake imekwenda na maji. Sahani yetu ilikuwa na gramu 180, basi pweza peke yake kwenye sahani ni 4,320. Ukitaka chakula kile kisizidi asilimia 30 ya bei ya kuuzia, sahani haiwezi kuuzwa chini ya 14,400, na hapo hujatia mafuta, ndimu wala mboga. Na sisi tulikuwa tunamuuza 13,000. Kila sahani iliyotoka, hoteli ilikuwa inajidhulumu.

Mimi mtoto wa Tanga, pweza nimemla tangu sijaota meno, nikajifunza siku ile kwamba sikuwa namjua. Jumamosi zote zilizofuata tukafanya hivyo: jodari, kamba, embe, hata kitunguu na maganda yake. Baada ya miezi minane akawa ananiachia kuagiza bidhaa za wiki nzima. Mkataba wake ulipoisha aliondoka, hakuletwa mgeni mwingine. Aliyeshika jiko ni dada mmoja wa Mkwajuni aliyekuwa mkubwa wangu kazini, mimi nikawa msaidizi wake, na mpaka leo ndio sisi.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja. Kibali kinapohuishwa, afisa kazi asiridhike na faili. Amwite yule mrithi aliyeandikwa, bila bosi wake chumbani, amuulize maswali matatu ya kazi ile. Pweza kilo moja akiiva anabaki kiasi gani? Wiki ya wageni 120 utaagiza mayai mangapi? Muuzaji wako wa samaki ni nani na mnalipana vipi? Dakika kumi hazifiki. Kama mrithi hajui hata kwamba yeye ni mrithi, kibali kisihuishwe mpaka afundishwe.

Karibuni tuzungumze.

---

Bi Mapokezi

Mkuu umenitoa machozi kwa ile saini. Mimi niko Jambiani, mapokezi, mwaka wa sita. Kwetu meneja wa mapokezi amebadilika mara tatu, wote wageni, na wote watatu mimi ndiye niliyewaonyesha mfumo wa kupokea oda za vyumba unavyofanya kazi. Mgeni anafika Jumatatu, mpaka Ijumaa mimi ndiye mwalimu wake, Jumatatu inayofuata yeye ni bosi wangu. Nikiuliza kwa nini si mimi, jibu ni lugha. Kiingereza ninacho. Kiitaliano nimejifunza kwa wageni wenyewe, nakiongea mpaka wananicheka kwa furaha. "Ndiyo, lakini wageni wanapenda kuona uso wa kwao wakipata tatizo." Hilo niliambiwa usoni.

Nongwa hii haiko kwenye ujuzi hata kidogo, na hakuna chuo kitakachoiondoa.

---

Mwenye Vyumba 14

Naomba nijibu kwa upande wa mwenye nyumba, msinipige mawe. Mimi ni Mtanzania, nina hoteli ndogo Paje. Mgeni kwangu si raha. Ni kibali cha kazi, halafu kibali cha ukaazi Uhamiaji, tiketi, nyumba, bima. Kwa pesa hiyo ningeajiri wazawa watatu na nikalala usingizi. Nilipotaka mtu wa mikate na keki nilitangaza miezi miwili. Waliokuja wengi walikuwa na cheti, na vyeti vizuri. Niliwapa unga, hamira na muda wa saa nne. Mmoja tu ndiye aliyetoa mkate wa kumwekea mgeni mezani. Nikamchukua kijana huyo, nikamlipia mafunzo zaidi Dar, akarudi, akafanya kazi miezi mitano, akaenda Doha.

Simlaumu, mshahara wa kule siuwezi. Lakini mniambie, nani atanirudishia? Mkubwa wa hoteli ya vyumba 300 anaweza kupoteza mtu mmoja asisikie. Mimi mkate ulikosekana kesho yake asubuhi, nikanunua boflo la mtaani nikawapa wageni.

Na wewe mwanzisha uzi, ulichosema kuhusu kumwita mrithi nakiunga mkono. Mimi nitakuwa wa kwanza kumpeleka wangu.

---

Mwalimu wa Fildi

Nimefundisha hoteli na utalii miaka mingi, Bara. Nitasema yale yanayotuuma walimu.

Mwenye Vyumba, vijana wako waliwahi kusoma mkate. Kuuoka ni jambo jingine. Chuo kina oveni moja na wanafunzi 40, unga unaletwa wa kutosha majaribio mawili kwa muhula. Wanane wanakanda, 32 wanatazama na kuandika. Mtihani ukija wote wanajua halijoto ya oveni kwa namba, mkono haujui.

Halafu wanakuja fildi kwenu. Miezi mitatu au minne. Mnampa nini? Mwanafunzi wa fildi kwa hoteli nyingi ni kibarua wa bure. Anapewa kung'arisha vijiko, kupanga viti vya ufukweni, kubeba mizigo. Mimi nilikuwa nawatembelea na daftari la tathmini, nakuta supavaiza anajaza alama zote siku ile ile niliyofika, kwa kalamu moja. Sasa tofauti ya daftari lile na karatasi ya urithishaji ya mwanzisha uzi iko wapi? Ni ugonjwa uleule. Tunajaza.

Njia iliyofanya kazi niliiona kwa macho. Ni uanagenzi, ule ulioanzishwa Chuo cha Taifa cha Utalii kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Mwanafunzi anagawana muda kati ya darasa na hoteli kuanzia mwanzo, hotelini anakuwa na mtu maalumu wa kumfundisha, na anazungushwa idara zote. Wale vijana wakimaliza hawaulizi mkate unakandwaje.

Na kuhusu pesa, waajiri wa Bara wenye wafanyakazi 10 na kuendelea wanakatwa SDL, ambayo Julai 2023 iliwekwa asilimia 3.5 ya mishahara yote wanayolipa. Ni kodi ya kuendeleza ujuzi, jina lake linasema. Ningetaka kuiona ikirudi kwa sura ya oveni. Upande mwingine mlango wa wageni unazidi kupanuliwa: sheria ya uwekezaji ya 1997 ilimpa mwekezaji aliyesajiliwa nafasi za awali 5 za wageni, ya 2022 ikampa mpaka 10. Sipingi uwekezaji. Ila ukiongeza wageni mara mbili, ongeza na wakaguzi.

---

Ja-Kisumu

Hamjambo ndugu. Mimi ni Mkenya, niko Zanzibar mwaka wa nne, meneja wa chakula na vinywaji, kibali kipo. Nimesoma uzi wote na sijakasirika, msiogope.

Watu huuliza mbona Wakenya wamejaa kwenye hoteli za huku. Wengine husema tunajua Kiingereza. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Kenya iliamua mapema. Chuo cha Utalii cha Kenya kilifunguliwa 1975 kwa msaada wa serikali ya Uswisi, pale Ruaraka barabara ya Thika, na ndani yake kuna hoteli kamili ya mafunzo yenye wageni wa kulipa. Mwanafunzi akimwaga supu, ameimwagia mteja wa kweli. Na ili chuo kisife, hoteli na mikahawa ikawekewa tozo ya asilimia 2 ya mapato kwa ajili ya mafunzo na kukuza utalii. Si hisani, ni sheria. Siku hizi chuo kina shida zake, sitaficha, lakini mbegu ile ilizaa watu kwa miaka hamsini. Mwalimu wangu alikuwa ni mwanafunzi wa mwanafunzi wa Mswisi.

Sasa kuhusu mimi kama mgeni. Nina msaidizi wangu, kijana wa Makunduchi. Bwana Mpishi, umeniuliza bila kuniuliza. Nimelala nikijiuliza kama angeitwa kesho angejibu maswali mangapi. Rosta anapanga mwenyewe. Kuhesabu baa mwisho wa mwezi anahesabu. Bajeti ya mwaka sijawahi kumwonyesha hata ukurasa mmoja. Sababu ya kweli ni kwamba nikimwonyesha yote, mimi nitahuishiwa kibali kwa kazi gani? Nina watoto shuleni Kisumu. Yule mwenye ofisi iliyofungwa ufunguo kule Dar pengine alikuwa na hofu hii hii.

---

Mpishi wa Kaskazini

@Ja-Kisumu ahsante sana kwa ukweli huu. Kwa miaka yote nilidhani yule bwana alikuwa mchoyo tu. Sikuwahi kufikiria kwamba sheria inamwambia fundisha, na kila unachofundisha kinakupunguzia siku za kukaa.

Basi labda lipatikane jambo la kumfaa na yeye. Mgeni aliyefundisha mtu akathibitika, huyo apewe wepesi akiomba kibali kwa hoteli nyingine. Yule wa Afrika Kusini aliyenifundisha pweza, leo ningemuandikia barua kwa mkono wangu na kuipeleka mwenyewe ofisi ya kazi.

@Mwalimu wa Fildi, ile kalamu moja nimeielewa.

---

Mzawa wa Unguja

Nimesubiri mtu aseme, naona wote mnazunguka. Nyote mnasema wageni ni Wataliano na Wakenya. Kwetu sisi vijana wa vijijini, hoteli imejengwa juu ya shamba la babu, na ukienda getini mlinzi, mhudumu, mpishi, wote wametoka ng'ambo ya maji. Watalii wamepita laki saba kwa mwaka 2024. Mimi nina diploma na naendesha boda Pwani Mchangani. Kazi si jambo la Muungano, Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya 2005 na kamisheni yake, lakini mtu wa Bara hahitaji kibali na sisemi ahitaji. Nasema mafunzo yaanzie kijiji kilichotoa ardhi.

---

Bi Mapokezi

@Mzawa wa Unguja, kaka yangu, mimi ni wa hapa hapa, nikujibu kama ndugu. Unalosema lina haki yake. Ila tuseme na lingine. Nilipopata kazi hii baba alikataa wiki tatu. Pombe, usiku, wageni na nguo zao. Aliyemlainisha ni shangazi, tena kwa sharti kwamba gari la hoteli linichukue mlangoni na kunirudisha mlangoni. Hoteli ilikubali. Wenzangu wanne tuliomaliza nao skuli hawakupata gari, hawakwenda. Nafasi zao zikachukuliwa na wasichana kutoka Mwanza na Moshi ambao wanalala bweni la wafanyakazi, hawana wa kumuuliza wanarudi saa ngapi.

Ukitaka binti wa kijiji aingie hotelini, gari la wafanyakazi lina uzito kuliko cheti. Zamu za vipande viwili, asubuhi mpaka saa nane kisha urudi jioni, kwa anayekaa mbali ni mateso. Hayo hakuna anayeyahesabu kuwa ni mafunzo.

---

Mpishi wa Kaskazini

@Mzawa wa Unguja, nimekuelewa, na sitajitetea. Mimi ndiye yule wa ng'ambo ya maji unayemsema. Dada anayenisimamia alipoanza, alianzia bustanini kumwagilia maua kwa sababu kijiji kilipewa nafasi za bustani na ulinzi tu. Aliingia jikoni siku mtu alipougua. Nikuulize, diploma yako ni ya nini? Nitumie ujumbe wa faragha. Jikoni kwetu kuna nafasi mbili kabla ya msimu wa Julai, na anayeamua ni yeye, si mimi.

---

Wa Doha

Salaam kutoka Qatar. Mwenye Vyumba 14, kijana wako wa mkate simjui, lakini namuelewa kwa sababu ni mimi yule. Huku mgeni ni sisi. Mshahara wa chini kisheria ni riyali 1,000 tangu Machi 2021, na malazi na chakula mwajiri akitoa au akilipia. Tangu mabadiliko yale mtu anaweza kuhama mwajiri bila barua ya ruhusa ya bosi wa zamani, kwa hiyo hoteli zimeanza kuwafundisha watu ili wasikimbie. Nimepitia mafunzo ya usalama wa chakula mara tatu. Bara nilifanya kazi miaka mitano, nikafundishwa siku moja, namna ya kutumia mtungi wa kuzimia moto.

Nitarudi nyumbani. Ninaporudi naomba nisiambiwe nianze kukaanga mayai.

---

Mwenye Vyumba 14

@Wa Doha njoo Paje. Nasema kweli. Lakini njoo na mwanafunzi wako wa kwanza nimeshakuchagulia, anaosha sufuria sasa hivi na kila jioni anabaki kuangalia oveni.

---

Binti wa Maruhubi

Shikamooni nyote. Mimi ni mwanafunzi, ninasoma hoteli SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kampasi ya Maruhubi. Jumatatu naanza fildi hoteli moja Nungwi, jikoni. Nimesoma uzi huu usiku kucha na nimeogopa. Nifanye nini nisipewe vijiko miezi yote minne?

---

Mpishi wa Kaskazini

Marahaba binti. Usiogope, vijiko utapewa, vipokee na uving'arishe vizuri, kwa sababu ndiyo watakavyokujua una mkono gani. Lakini wiki ya kwanza hiyo hiyo muombe mkubwa wa zamu jambo moja: akuache usimame mlango wa kupokelea bidhaa asubuhi, samaki wanapoingia. Kwa kawaida hakuna anayeitaka kazi ile, kuna harufu na ni mapema. Pale utaona kila kitu kinapimwa, utasikia bei, utajua muuzaji gani anaweka barafu nyingi juu na samaki wa jana chini. Fungua shavu la jodari mbele yake, ndani panatakiwa pawe pekundu. Andika uzito, andika bei, na jioni andika kilichotoka.

Ukifika mwezi wa pili utakuwa unajua gharama ya jiko lile kuliko nusu ya wanaopika ndani yake. Hapo ndipo uende kwa mpishi mkuu, mgeni au mzawa, na daftari lako mkononi, umwambie kamba wa Jumanne walipotea kilo mbili, nionyeshe walipokwenda.

Na usisaini karatasi yoyote kabla hujaisoma. Jumatatu vaa viatu visivyoteleza.